Kulipwa kwa Kichwa

Habari za dada wa kazi wanaoteseka mijini zimeandikwa sana, na ziendelee kuandikwa. Habari za yule anayewafuata vijijini, akazungumza na wazazi wao, akawapandisha basi, sijazisoma popote. Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa, kuanzia kwetu Nyakitonto hadi Makere na vijiji vya Kibondo, na ninayoyasema hapa yamenipata mwenyewe.

Ofisi niliyoifanyia kazi ilikuwa Dar es Salaam. Mteja akihitaji dada wa kazi au mlinzi, aliilipa ofisi, nami nikapigiwa simu: wanatakiwa wanne, Ijumaa wawe njiani. Mshahara haukuwepo. Nililipwa shilingi 30,000 kwa kichwa, nusu binti akifika, nusu akitimiza miezi mitatu kwa mwajiri. Bodaboda ya kuzunguka vijijini ilikuwa juu yangu, vocha juu yangu, chai ya mabinti tukisubiri basi alfajiri stendi ya Kasulu juu yangu. Binti akirudi kwao mwezi wa pili, hata kama amekimbia kipigo, nusu yangu imekwenda na natakiwa kupeleka mwingine bure. Yaani mwajiri akimpiga mfanyakazi wake, anayekatwa hela ni mimi niliyeko Nyakitonto.

Nilikuwa na daftari. Jina, kijiji, simu ya mzazi, barua ya mtendaji, kisha safu mbili za mwisho: "amefika" na "amekaa". Safu ya "amefika" ilijaa tiki. Ya "amekaa" ilikuwa na mapengo, na kila pengo ni hela niliyokwisha kuitolea jasho.

Malipo ya namna hiyo yanamsukuma mtu mahali pabaya. Mwezi wa njaa, kabla maharage hayajakomaa, wazazi wenyewe wanakufuata. Mama mmoja alinijia na binti aliyekuwa amevaa bado sketi ya shule ya msingi. Nikamwambia, "Mama, huyu bado mtoto." Akanijibu, "Mwanangu, mwenzako wa juzi amemchukua wa jirani, na huyo ni mdogo zaidi." Nilikataa, na mwezi huo nikakopa unga. Mwenzangu hakukataa. Wote wawili tunajua kwamba tangu mwaka 2008 kuna sheria ya kuzuia biashara haramu ya kusafirisha binadamu, na kwamba likitokea la kutokea, wa kwanza kukamatwa ni sisi tulioonekana stendi, si aliyekaa ofisini akipokea hela ya mteja.

Kumlipa wakala kwa kichwa si jambo geni kwetu Buha. Babu yangu alikwenda Tanga kukata mkonge kama manamba, akapitia SILABU, ofisi ambayo wenye mashamba waliiunda mwaka 1944 ili wakusanye vibarua kwa pamoja. Kabla ya hapo walikuwepo mawakala binafsi waliolipwa na mashamba kwa kila mtu waliyemleta. Wazee walikuwa wakiwalaani mawakala hao, na nadhani walikuwa na haki. Ila kanuni ya malipo hakuitunga wakala. Imetungwa na anayetaka watu wengi, upesi, bila kuulizwa wamepatikanaje.

Kilichonibadilisha mimi ni msaidizi wa kisheria wa hapo Kasulu. Nilimfuata kwa ajili ya binti mmoja aliyedhulumiwa mshahara. Alipomaliza la binti akaniuliza, "Na wewe, dada, mkataba wako uko wapi?" Nikamwambia mimi si mwajiriwa, mimi ni wakala tu, ndivyo nilivyoambiwa ofisini siku zote. Akanionyesha kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, akawa ananiuliza kimoja kimoja. Nani anakupangia siku ya kusafirisha? Wao. Unafanyia mwingine kazi? Hapana, walinikataza. Una kipato kingine cha kukutosha? Sina. Kwa miezi mitatu iliyopita hukupungukiwa saa 45 kwa mwezi? Saa 45 nilizimaliza kwa wiki. Akasema hata jibu moja kati ya hayo linatosha kukuhesabu mwajiriwa, mpaka wao wathibitishe vinginevyo.

Tulipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Daftari langu lilikuwa ushahidi, pamoja na ujumbe wa simu niliokuwa sijaufuta. Mwakilishi wa ofisi alikuja na maneno makali, lakini msuluhishi alipoisoma safu ya "amefika" mstari kwa mstari, sauti ya mwakilishi huyo ilishuka. Wakati huo kima cha chini kwenye biashara kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, tangu Januari 2023, na kuna miezi nilipata theluthi ya hiyo. Tulimaliza kwa makubaliano. Sikupata yote niliyodai, ila nililipwa, na nilitoka mle ndani nikijijua kuwa ni mfanyakazi.

Sasa niko na ofisi nyingine, yenye leseni. Nina mkataba, mshahara wa mwezi, NSSF, na nauli hainitoki mfukoni. Muda wa kwenda kuonana na mtendaji, kuangalia cheti cha kuzaliwa, kumpigia binti simu baada ya wiki mbili nikisikiliza anavyopumua, sasa ninao, maana umelipiwa. Nikisema huyu hafai kusafiri, mtoto wangu halali njaa kwa ajili ya neno hilo. Wanaosafiri kupitia kwangu wamepungua, na wanaokaa wameongezeka.

Wenzangu wa Kibondo bado wanalipwa kwa kichwa. Wananipigia usiku, wengi wakiwa wamekwisha kukasirika na kufuta kila kitu kwenye simu. Nawaambia wasifute hata ujumbe mmoja wa "lete watatu", waandike tarehe, na wasichelewe, kwa sababu madai ya malipo yana siku 60 kufikishwa Tume, na ya kuachishwa kazi yana 30 tu.