Sauti Iliyozuiwa na Kilima

Watu wengi hudhani kuwa redio isiyosikika mbali ni redio isiyo na nguvu. Dhana hii ni ya kawaida, wala mtu hastahili kulaumiwa kwa kuwa nayo, maana katika mambo mengi ya dunia anayetaka kusikiwa mbali hupaza sauti. Walakini mawimbi ya redio yana tabia zake, na asiyezijua tabia hizo aweza kutumia fedha nyingi asipate hata msikilizaji mmoja zaidi. Habari hii niliijua katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikifundisha, upande wa magharibi wa Kenya, mahali penye vilima vingi na mvua nyingi.

Chuo chetu kilikuwa na kituo kidogo cha redio. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichotundikwa mazulia ukutani ili kuua mwangwi; mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa wa wati 100, na antena ilisimama juu ya mlingoti wa mita 12 nyuma ya bwalo la chakula. Wanafunzi waliosomea ualimu walisoma habari, walipiga muziki, na mara mbili kwa juma walitoa mafundisho kwa watoto wa shule za msingi zilizotuzunguka. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejali sana mawimbi yetu yalifika wapi.

Kisha ukaja mwezi wa Machi 2020, na shule zote za Kenya zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watoto wa mijini wenye simu na kompyuta waliwafuata walimu wao katika mtandao. Wa kwetu walikuwa na redio za betri zinazowekwa dirishani. Walimu wachache tuliobaki chuoni tuliazimia kufundisha hesabu, Kiswahili na sayansi hewani kila siku asubuhi. Katika juma la pili, mwalimu mkuu wa shule moja iliyo nyuma ya kilima, kilomita 4 tu kutoka kwetu, alinipigia simu.

"Mwalimu," alisema, "watoto wangu 300 hawasikii ila kelele kama za bisi chunguni. Je, mnawafundisha akina nani?"

Sikuwa na jibu. Nililipeleka swali hilo mbele ya kamati ya chuo, na wengi waliona kuwa dawa ni moja: kununua mtambo wa wati 500. Fedha zingepatikana kwa kuacha kuezeka upya bweni moja. Fundi wetu, mzee aliyekuwa ametumikia mitambo ya matangazo tangu ujana wake, aliomba apewe siku 7 kabla shilingi moja haijatumika. Tulipotoka nje aliniambia, "Mtambo ule hauna njaa ya nguvu, Mwalimu. Una njaa ya njia. Kesho tuchukue redio ndogo tukatembee."

Tulitembea kweli. Tulisimama kwenye njia panda, kwenye vituo vya kununulia majani ya chai, na kwenye nyua za shule zilizofungwa. Kila mahali tulisikiliza, kisha tukatia alama katika ramani. Sauti safi ilipata duara nyeupe, sauti yenye kelele ilipata duara ya mistari, na mahali pa kimya palipakwa penseli nyeusi. Ikiwa upungufu ungekuwa wa nguvu tu, sauti ingedhoofika kwa kadiri karibu sawa pande zote. Ramani yetu haikusema hivyo. Mashariki, katika nchi iliyoinuka, tulisikika vizuri hata kilomita 20. Kaskazini tulipotea baada ya kilomita 3. Weusi wa penseli ulikuwa na umbo la kivuli, na mwenye kivuli hicho alikuwa kilima.

Hapa yafaa nimweleze msomaji sababu. Redio ya FM hutumia masafa yaliyo kati ya megahezi 88 na 108, na wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Mawimbi ya namna hii hushika njia iliyonyoka karibu kama mwanga wa taa. Hupinda kidogo tu, nayo hayafuati mabonde. Kwa hiyo kimo cha antena ni jambo kubwa mno. Fundi alinifundisha kanuni moja ya kukadiria. Tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena katika mita, kisha uzidishe kwa 4.1, jibu ni kilomita ambazo mawimbi yatakwenda katika nchi tambarare kabla ya kufika upeo wao. Antena ya mita 9 hufikia kama kilomita 12, na ya mita 36 kama kilomita 25. Nguvu, kwa upande wake, ni mtumishi ghali. Ukiizidisha mara 4, ukali wa mawimbi mahali fulani huongezeka mara 2 tu, na nyuma ya kilima, mara 2 ya kitu kilicho karibu na si kitu hubaki karibu na si kitu.

Aliyevumbua FM alilijua jambo hili vema. Edwin Armstrong, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, alipotaka kuujaribu uvumbuzi wake katika mwaka 1934, aliweka mtambo wake katika Empire State, jengo lililokuwa refu kupita yote duniani wakati huo. Baadaye alijenga mnara wake mwenyewe huko Alpine, New Jersey, juu ya majabali yanayoutazama mto Hudson. Nchini kwetu nako, mitambo mikubwa ya kutangazia Nairobi imewekwa Limuru, mahali palipo juu kuliko jiji kwa mamia ya mita. Watu hao wote hawakupenda kupanda milima kwa matembezi.

Basi siku ya nne fundi alipanda mlingoti wetu, nami nikamshikia kamba. Alishuka na kipande cha kebo. Kampuni moja iliyotufungia mtambo ilikuwa imetumia kebo nyembamba, unene wa milimita 5, kwa urefu wa mita 20 kutoka chumba cha mtambo hadi antena. Kebo ya namna hiyo, katika masafa hayo na kwa urefu huo, hula karibu nusu ya nguvu na kuigeuza joto. Yaani wati 100 tulizozilipia umeme ziliipasha moto kebo kwa wati 50, na 50 zilizosalia ndizo zilizofika juu. Tena kiungio cha juu kilikuwa kimeingia maji ya mvua, shaba yake imekuwa kijani, na sehemu ya nguvu ikirudishwa mtamboni badala ya kwenda hewani. Nilikumbuka bweni lililokuwa liachwe livuje ili tuongeze wati 400 katika bomba lililotoboka!

Kebo nene ya nusu inchi, viungio vipya na utepe wa kuzuia maji viligharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mtambo ule. Fundi alirekebisha pia kiasi cha sauti inayoingia mtamboni, kwa maana watangazaji wetu walikuwa na desturi ya kunong'ona mbali na kipaza sauti, kama wanaomficha mtu siri. Maduara yenye mistari karibu yote yakawa meupe. Nyuma ya kilima, weusi ulibaki vilevile.

Kwa kilima dawa ilikuwa kukipanda. Kilele chake kilikuwa mita 60 juu ya chuo, penye shule ya msingi iliyokuwa na umeme, na wazazi walikubali kutupa pembe ya kiwanja. Lakini mlingoti wa redio hauhamishwi kama hema. Kibali cha matangazo hutaja masafa, mahali pa antena, kimo chake na kiasi cha nguvu, na mabadiliko yote huombwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Wenye kusimamia usafiri wa anga nao hutaka kujua kila mnara mrefu unaosimama. Baadhi ya wenzangu waliona kuwa huo ni usumbufu wa karatasi tu. Mimi sikuona hivyo. Mara baada ya megahezi 108 huanza masafa yanayoziongoza ndege, na kituo kinachotapanya mawimbi machafu chaweza kuwakosesha marubani sauti wanayoitegemea katika mawingu.

Barua zilikwenda na kurudi. Januari 2021 shule zote zilifunguliwa, na wale watoto 300 walirudi darasani bila kusikia hata somo letu moja. Baadhi yao hawakurudi. Mwalimu mkuu alinitajia idadi yao, nami sitaiandika hapa.

Mnara wa mita 30 ulisimama kileleni mwezi wa Juni mwaka huo. Nguzo za shaba zilifukiwa ardhini kwanza, maana nchi ile ina radi nyingi, kisha studio ikaunganishwa na mtambo kwa antena mbili ndogo zinazotazamana kilomita 2. Mtambo ulikuwa uleule wa wati 100. Sasa antena ilikuwa mita 90 juu ya mabonde, na kwa kanuni ya fundi upeo wake ulikuwa karibu kilomita 39.

Tuliichukua redio ndogo, tukarudia safari yetu. Kwenye uwanja wa ile shule ya nyuma ya kilima tulimsikia mwanafunzi wetu akisoma bei za majani ya chai, kila tarakimu ikisikika wazi, na watoto wakajaa madirishani kututazama. Tulipomaliza mzunguko, bonde moja jembamba la kusini lilikuwa bado limepakwa penseli nyeusi. Lina nyumba 11. Nilimwambia fundi kwamba 11 si nyingi, tungeweza kuifunga ramani. Alichonga penseli yake, akaandika 11 pembeni mwa weusi ule, akaibandika ramani mlangoni pa studio.