Zuchu nyumbani kwa dada yangu

Machi 2024 Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar, yaani BASFU, lilimfungia Zuchu kwa miezi sita asifanye kazi ya muziki visiwani. Kosa lake lilikuwa maneno na vitendo vyake jukwaani huko Kendwa, kaskazini mwa Unguja, ambavyo Baraza liliona vinakwenda kinyume na mila na silka za Wazanzibari. Siku chache baadaye marufuku hiyo ilitekelezwa pia mjini Vaughan, kaskazini mwa Toronto, na mtu ambaye Baraza halimjui: dada yangu. Alimwamuru binti yake wa miaka kumi na mitatu azifute nyimbo zote za Zuchu katika simu yake, na zisisikike tena garini.

Ningeweza kunyamaza. Nyumba si yangu, mtoto si wangu, na mjomba anayeingilia malezi ya dada yake hujitafutia maneno. Lakini mpwa wangu amezaliwa Kanada, na Kiswahili pekee kinachomtoka mdomoni bila kusukumwa ni kile alichofundishwa na Zuchu. Mama yake humsemesha Kiswahili, naye hujibu Kiingereza. Shuleni ana Kifaransa, Jumamosi ana Kurani. Kiswahili hakina saa yake. Akiosha vyombo, hata hivyo, huimba, na akiimba, viambishi vyote hukaa mahali pake kana kwamba amekulia Michenzani. Siku moja, tukiwa kwenye treni ya chini kwa chini kutoka kituo cha Vaughan Metropolitan Centre, aliniuliza mbona wapenzi wa Kiswahili wote ni vitu vya kuliwa: sukari, asali. Nikamwongezea halua, tende na tungule. Tungule alilikataa katakata. Tulifika katikati ya jiji tukibishana, na nusu ya mabishano, nakisia, ilikuwa ya Kiswahili. Hicho ndicho kilichofutwa pamoja na zile nyimbo.

Hoja ya dada si ya kupuuzwa. Anasema mtoto hajui mipaka ya maneno anayoyaimba, na kwamba heshima ikivukishwa bahari huchakaa upesi kuliko kanga. Kisha akaongeza neno lililonichokoza: "Sisi tulilelewa na taarabu, si na huu uchafu."

Taarabu ipi? Katika harusi zetu za huku, kwenye kumbi za kukodi kandokando ya Highway 7, ukipigwa wimbo wa Khadija Kopa mtu wa kwanza kuinuka ni dada. Hutunza hata pale muziki unapotoka kwenye kompyuta, mwimbaji hayupo, na noti ya dola tano inatua mezani mbele ya kijana anayebonyeza vitufe. Basi Zuchu ni binti wa kumzaa wa Khadija Kopa. Mwaka 2020, lebo ya WCB Wasafi ilipomtambulisha, wimbo mmoja katika kazi yake ya kwanza, "Mauzauza", aliuimba pamoja na mama yake. Na huyo mama, alipotoka Zanzibar akawa nyota wa Tanzania One Theatre jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1990, hakuimba kasida. Yalikuwa ni mipasho: TOT na Muungano wakirushiana vijembe usiku kucha, watazamaji wakijipanga kwenda kutunza kila beti lililompata jirani. Wazee wa taarabu ya zamani walilaani. Walisema ni matusi, walisema taarabu imekufa. Hayo hayo anayoyasema dada leo juu ya binti, yalikwisha kusemwa juu ya mama.

Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Siti binti Saad, ambaye sasa tunamtaja kwa kunyenyekea. Taarabu aliyoikuta ilikuwa ya ikulu na ya Kiarabu. Yeye, mtoto wa wafinyanzi wa Fumba, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka hadi Bombay kuingiza sauti yake katika santuri za His Master's Voice. Alidhihakiwa kwa ushamba wake. Aliimba habari za mitaani, pamoja na ile ya Kijiti, mwuaji wa mwanamke aliyekuja mgeni kutoka bara, ambaye alitoroka huku mashahidi wakiadhibiwa. Huo ulikuwa muziki wa watu wa siku zile, wenye soko, wenye fununu na wenye aibu yake. Baadaye tu ndipo ulipowekwa kabatini na kuitwa "asilia". Kitukuu chake, Siti Muharam, ametoa albamu "Siti of Unguja" mwaka 2020, nzuri mno, na habari zake nazisoma kwenye kurasa za muziki wa jadi. Za Zuchu ziko kwenye kurasa za mastaa, kati ya ndoa na magari. Sijaona bado mwandishi aliyewaweka wawili hawa ukurasa mmoja, ingawa wote ni wanawake wa Unguja wanaoimba kwa urithi wa bibi au wa mama.

Nitamkubalia dada jambo moja. Khadija Kopa anakuviringishia neno katika kanga saba. Unacheka leo, unaelewa kesho kutwa, na aliyelengwa hawezi kushitaki. Zuchu mara nyingi hulileta likiwa na kanga moja, na jukwaani hiyo moja huivua. Kisanaa ni hasara, na ningependa mama amvute sikio kwa hilo kabla ya Baraza. Lakini fumbo ni darasa la juu. Mtoto wa Vaughan hawezi kuanzia hapo, kama vile mimi sikuanzia na Muyaka. Anaanza na lililo wazi, sukari ni sukari, halafu siku moja anashituka kwamba sukari si sukari. Ukimfungia mlango wa kwanza, wa pili ataufikiaje?

Mwaka huohuo mji wote huu ulikuwa ukizozana kuhusu Drake, mtoto wa Toronto, na Kendrick Lamar wa Kalifonia. Kila wiki wimbo, kila wimbo jibu. Mpwa wangu alinieleza kwa makini nani kamrushia nani neno gani, na lipi lilikuwa limejificha ndani ya lipi. Nikamwambia hayo kwetu yana jina. Nikamwonyesha video za zamani za TOT, ukungu mtupu, wanawake wakiinuka na noti hewani. Alitazama, akauliza, "Mjomba, huyu anamjibu nani?" Sikumjibu mimi. Nilimwita mama yake, aliyekuwa jikoni, naye alikuja na upawa mkononi akasimama nyuma ya kochi robo saa akifasiri vijembe, mchuzi ukishika chini. (Mwanzoni mwa mwaka huo Tyla wa Afrika Kusini alikuwa ametwaa Grammy ya kwanza ya wimbo wa Kiafrika, na Waafrika Mashariki tukalalama kwamba hata kwenye orodha hatukuwamo. Sikulalama sana. Grammy haifasiri kijembe.)

Kanada nayo ina baraza lake. Tangu 1971 redio za hapa zinalazimika kupiga kiasi fulani cha muziki wa Kikanada, na kipimo ni mambo manne: nani katunga muziki, nani kaimba, imerekodiwa wapi, nani kaandika maneno. Ukipata mawili, wimbo ni wa Kikanada. Ndiyo maana mapema miaka ya 1990 Bryan Adams, mzaliwa wa Ontario, aliambiwa nyimbo zake si za Kikanada vya kutosha, kwa kuwa alizitunga na mtu asiye Mkanada. Kelele zikawa nyingi hata kanuni ikarekebishwa. Hivi karibuni wamekuwa wakiipitia tena, safari hii kwa sababu ya muziki wa mtandaoni. Katika yale manne, mila na silka hazimo. Lugha pia haimo.

Nilipomweleza mpwa wangu alihesabu kwa vidole. Wimbo akiutunga yeye, akaimba yeye, hapa Vaughan, maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili: alama nne kwa nne. Wiki iliyofuata alinitumia beti moja kwenye simu, juu ya msichana wa darasani kwake anayejiona. Silitoi hapa, ni lake. Lilikuwa na kijembe kizuri katika mstari wa tatu, na ngeli iliyopinda katika wa nne, ambayo sikuigusa.

Miezi sita ya BASFU imepita zamani. Ya dada haijatangazwa mwisho wake. Lakini lile beti aliliona, na jioni mpwa wangu akanitumia tena, mstari wa nne umenyooshwa, na mwishoni limeongezwa neno moja ambalo msichana wa miaka kumi na mitatu hawezi kuwa amelijua.