Kupe Hana Haraka

Watu hupenda kusimulia habari za simba na chui, maana wanyama hao wana sauti na sifa. Mwezi huu mimi nawaletea habari za mdudu asiye na sauti wala sifa, naye ni kupe. Wala sisemi kwa kusikia, bali kwa yaliyonipata nyumbani mwangu. Mengine yalinipata kwa ujinga wangu mwenyewe, nami sitayaficha, kwani mwalimu afichaye kosa lake huwanyima wanafunzi wake nusu ya somo.

Nyumba yetu iko juu ya Moshi, katikati ya migomba na mibuni, mahali ambapo kihamba cha mtu hupakana na kihamba cha jirani pasipo nafasi ya kulisha hata mbuzi mmoja. Kwa hiyo tangu siku za babu zetu, sisi Wachagga wa mlimani hatumpeleki ng'ombe malishoni. Ng'ombe hukaa ndani, na chakula humfuata. Hupewa majani ya migomba, vigogo vyake vilivyokatwakatwa, na nyasi. Nyasi hizo kwa sehemu kubwa hutoka chini tambarare, ambako jua ni kali na nafasi ni pana. Wanawake na watoto huteremka alfajiri, hukata, hufunga mizigo, kisha huupanda mlima na mzigo kichwani. Ng'ombe hushiba, samadi hurudi migombani, nasi hupata maziwa. Ni mpango mwema sana. Walakini apandishaye nyasi hupandisha na wale wakaao ndani ya nyasi.

Mama yangu mzazi, ambaye alikaa nasi katika uzee wake, alikuwa na desturi mbili kila jioni. Ya kwanza, aliingia kwa ng'ombe na taa, akampapasa masikioni, chini ya mkia, kwapani na kwenye kiwele, akitoa kupe mmoja mmoja na kuwatia katika kopo lenye mafuta ya taa. Ya pili, aliwaita watoto waliotoka kukata nyasi, akawatazama nyuma ya masikio, kiunoni na nyuma ya magoti, kabla hawajapewa chakula. Mimi nalicheka. Nalimwambia, "Mama, hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi kuna dawa ya kunyunyiza. Nimekwisha kununua chupa." Akanitazama kidogo, akajibu, "Haya, baba. Lakini kupe hana haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Basi mwaka ule nalikuwa nimenunua mtamba wa kizazi cha kigeni, mwenye kutoa maziwa mengi. Fedha yake ilikuwa akiba ya kahawa ya miaka mitatu, na maziwa yake ndiyo tuliyoyatazamia kumlipia ada kijana wangu wa kwanza. Nalimnyunyizia dawa mara moja, nikaiweka chupa darini, nikajiona nimemaliza kazi. Mama akaugua mguu, hakuweza kuingia kwa ng'ombe tena. Masika yakaja, nyasi zikawa nyingi, na mitihani ya shule ikanishika.

Siku moja mke wangu aliniambia, "Baba watoto, mtamba amevimba chini ya sikio." Nikasema, "Labda amejigonga." Siku ya pili hakula vizuri. Siku ya nne manyoya yalisimama, mwili ukawa moto, na tezi iliyo mbele ya bega nayo ikavimba. Hata hapo sikumwita bwana mifugo. Nalisema ningoje Jumamosi. Jumamosi ilipofika mtamba alikuwa akihema kwa shida, na povu likamtoka puani. Bwana mifugo alikuja upesi, alitenda yote aliyoweza, akasema kwa upole, "Mwalimu, hii ni ndigana kali. Kama ungeniita tezi ilipovimba, dawa ingalimsaidia." Usiku ule mtamba alikufa. Nalikaa nje mpaka kukapambazuka, nikihesabu miaka mitatu ya kahawa.

Mtu angedhani nimekwisha kufundishwa. La. Majuma machache baadaye yule kijana, aliyekuwa akimsaidia mama yake kukata nyasi, alishikwa na homa na maumivu makali ya kichwa. Nikasema mara moja, "Ni malaria, ameumwa na mbu huko chini." Sikumpeleka kupimwa, nalikwenda kwa jirani nikapata vidonge vilivyosalia, nikampa. Siku ya tatu homa ilikuwa vile vile. Mama yangu alijikokota mpaka kitandani kwa mjukuu wake, akaagiza maji ya moto, akamwosha kama mtoto mchanga. Alipofika nyuma ya goti akaniita. Palikuwa na kidonda kidogo, katikati cheusi kama kimechomwa kwa moto, na pande zote chekundu. Na tezi za kinenani zilikuwa zimevimba. Akasema neno moja tu: "Kupe."

Hapo ndipo nalipoogopa. Tulimchukua mpaka zahanati, wakampima damu, na malaria haikuonekana. Tabibu akakitazama kile kidonda, akamwuliza alikuwa akifanya kazi gani na wapi, kisha akampa dawa iitwayo doksisaiklini. Baada ya siku mbili homa ilishuka, na kijana akaomba uji. Ndugu zangu, wengi wamepika uji maisha yao yote, wala hawajui ni chakula kitamu namna gani kumtazama mtoto anapounywa.

Baada ya hayo naliona haya, nikaanza kusoma na kuuliza, nami nawapa hapa niliyoyapata.

Kupe hana mabawa, wala haruki kama kiroboto, wala haangukii watu kutoka mitini. Hupanda ncha ya jani, hunyosha miguu yake ya mbele, na kungoja. Miguu hiyo huhisi pumzi na joto la mnyama apitaye. Akiguswa hushika, hutembea polepole kutafuta mahali palipo laini, kisha huzamisha mdomo. Aweza kungoja hivyo miezi mingi pasipo kula. Yule aletaye ndigana kali ni kupe wa rangi ya kahawia, apendaye masikio ya ng'ombe. Hula mara tatu katika maisha yake, kila mara juu ya mnyama mwingine: angali mdogo sana, kisha akiisha kujibadili, kisha akiwa mzima. Akinywa damu ya ng'ombe mgonjwa katika udogo wake, huuchukua ugonjwa na kuutia katika ng'ombe wa pili baada ya kujibadili.

Sasa sikilizeni neno lililonichoma moyo. Vijidudu vya ndigana haviko tayari mdomoni mwa kupe anapoanza kuuma. Hukomaa baada ya yeye kuanza kunywa, na kwa kawaida hupita siku 3 au zaidi kabla hajavitia vya kutosha katika damu ya ng'ombe. Basi mkono upapasao sikio la ng'ombe kila jioni humkamata mwizi kabla hajaufungua mlango. Mama yangu hakuwahi kusoma habari hizo. Alijua kwa macho yake tu ya kwamba kupe hana haraka. Tena ng'ombe wa kienyeji waliokulia penye kupe tangu utoto, wale wapatao kupona, huwa na kinga. Lakini ng'ombe wa kigeni, na yule aliyefungiwa mlimani pasipo kuumwa, hana silaha. Iko pia chanjo, iliyotengenezwa Muguga katika nchi ya Kenya katika miaka ya 1970: ndama hupewa ugonjwa wenyewe kwa kipimo, pamoja na dawa ya kuuzuia siku ile ile. Wafugaji wengi wa kaskazini ya Tanzania wameitumia. Mwulize bwana mifugo wako.

Na habari za homa za watu? Hapa hapa Moshi, katika mwaka 2007 na 2008, waganga wa hospitali za Mawenzi na KCMC pamoja na wenzao walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kati yao 528 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria; lakini damu ilipochunguzwa sana, wenye homa iliyotokana na malaria walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na magonjwa mengi mbalimbali, na miongoni mwao walikuwamo wenye homa zitokanazo na wanyama, pamoja na homa ya kupe. Sisemi ya kwamba malaria imekwisha; huko chini, Kahe na Arusha Chini, mbu angali adui. Nasema ya kwamba si kila homa ni ya mbu, na ya kwamba vidonge vya jirani si kipimo.

Yuko na ndugu yake kupe, naye ni papasi, akaaye katika nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu. Huyo huuma usiku, hushiba upesi, hurudi ufani kabla ya mapambazuko, na homa yake huondoka na kurudi tena na tena. Mwaka 1905, nchi hii ilipokuwa chini ya Wadachi, mganga wao Robert Koch alionyesha ya kwamba papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa huo kwa njia ya mayai. Mwaka huo huo mganga Mwingereza, Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo hiyo katika Kongo, alikufa kwayo huko Kasongo akiwa na umri wa miaka 30. Kwa hiyo tunapoziba nyufa na kusakafia nyumba, tukumbuke ya kwamba maarifa hayo yalinunuliwa kwa bei kubwa.

Kijana alipopona, nalitenda jambo ambalo sikulitenda tangu kuoa: naliteremka mwenyewe kukata nyasi pamoja na mke wangu. Wanawake tuliowakuta walicheka, mmoja akasema, "Mwalimu amepotea njia!" Jioni nalijikagua, nikakuta kupe saba katika nguo na mwili wangu. Saba, siku moja! Nikamwuliza mke wangu, "Siku zote huwa hivi?" Akajibu, "Siku nyingine huzidi." Sikuwa na neno la kusema. Miaka yote naliyanywa maziwa, wala sikuuliza yamepita wapi.

Tangu siku hiyo nyumbani mwetu tuna kanuni, nazo si nyingi. Aendaye kukata nyasi huvaa mikono mirefu, na suruali iliyoingizwa ndani ya soksi au viatu vya mpira. Mwanamke huvaa suruali chini ya kanga. Nguo ziwe za rangi nyeupe-nyeupe, ili kupe aonekane akitembea. Nyasi hazipelekwi moja kwa moja kwa ng'ombe, bali hukung'utwa na kuanikwa juani mbali na banda. Arudipo, mtu hubadili nguo, huoga, na kukaguliwa: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, kinenani, nyuma ya magoti, watu wazima pia, si watoto peke yao. Homa ya watu yaweza kuingia upesi kuliko ndigana ya ng'ombe, basi usiseme utatazama kesho.

Kupe akikutwa ameuma, usimchome kwa moto wala usimpake mafuta ya taa mwilini mwa mtu; mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja pasipo kumzungusha, kisha osha kwa sabuni. Usimpasue kwa kucha. Homa ikija katika siku zifuatazo, au kidonda kikiwa cheusi katikati, nenda ukapimwe, na useme wazi, "Naliumwa na kupe," maana tabibu hawezi kuyajua usiyomwambia. Na ng'ombe anyunyizwe kwa siku zilizoandikwa katika chupa, si mara moja tu kama nilivyofanya mimi. Na tezi ikivimba, bwana mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Mama yangu sasa amelala katika kihamba chetu, chini ya migomba. Kabla hajaondoka nalimwendea, nikamwomba radhi kwa kicheko changu. Akacheka yeye sasa, akaniambia, "Nenda ukatazame ng'ombe, baba. Jua linakuchwa." Tunaye mtamba mwingine leo, na kijana amemaliza shule. Kila jioni naichukua taa na lile kopo lake, naingia bandani. Ni kazi ya nusu saa tu, wala haina sifa. Lakini naifanya mimi mwenyewe, wala simwachii mtoto.