Miaka 50 ya Mama kwenye visiwa vya Ssese

Wengi mmeniuliza njiani, "Mwalimu, ulimpeleka wapi mama yako?" Basi mwezi huu nawajibu wote pamoja.

Mama yetu ametimiza miaka 50. Mwaka aliozaliwa anaujua, siku haijui. Kwenye karatasi ameandikwa 01/01, kama wazee wengi wa hapa Nakivale. Kwa hiyo sisi watoto watatu tulimchagulia siku wenyewe, wakati wa likizo ya shule. Kila mmoja aliweka shilingi 3,000 kwa wiki, wiki 40. Kaka anaendesha bodaboda, dada anauza nyanya sokoni, mimi nilitoa kwenye posho ndogo ya kujitolea. Jumla ikawa shilingi 360,000.

Jirani mmoja alituuliza kama pesa hiyo isingenunua unga, hasa tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023. Swali lake ni la haki. Lakini unga tulinunua kila mwezi na tunaendelea kununua. Ila Mama huyu, miaka yote hii, hajawahi kulala mahali ambapo hapiki yeye.

Uganda haina bahari, ila ina Ziwa Victoria, ambalo ng'ambo yake huioni. Tulipanda teksi hadi Mbarara, tukabadilisha kwenda Masaka. Mkifika karibu na Sanga kaeni upande wa dirisha, maana mara nyingine pundamilia wa hifadhi ya Ziwa Mburo wanakula majani pamoja na ng'ombe wa watu. Kutoka Masaka tulishuka hadi Bukakata, na hapo ndipo kivuko kinapochukua watu na magari kwenda kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote vya Ssese. Visiwa hivyo ni 84. Nauli ya kivuko hakuna.

Pale Bukakata Mama alisimama. Lazima niwaeleze. Mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi, kutoka Fizi kwenda Kigoma, na si wote waliopanda naye waliofika. Aliporudishwa Baraka kwa meli mwaka 2005, mimi nikiwa mtoto mdogo, alifunika uso kwa kitenge njia nzima. Tangu hapo hakukanyaga chombo cha majini.

Nikaanza ualimu wangu. Nikamwambia, "Mama, Tanganyika ina kina cha zaidi ya mita 1,400. Hili la hapa halifiki hata mita 100."

Akanijibu, "Mita moja inatosha kumeza mama yako."

Watu wote wakapanda, sisi bado tumesimama. Nilikuwa tayari kurudi naye Masaka, sikutaka kumvuta kwa nguvu siku yake. Mzee mmoja Mganda, ana mkungu wa ndizi begani, akamwambia taratibu, "Nnyabo, njoo ukae hapa katikati, hapa hutikisiki." Mama akamtazama, akavua viatu, akapanda. Nusu ya safari alifumba macho. Nusu ya pili alikuwa anamuuliza yule mzee bei ya ndizi.

Tulilala usiku mbili Lutoboka, chini ya mji wa Kalangala, kwenye nyumba ndogo ya wageni. Kuna mchanga, na msitu unashuka mpaka karibu na maji. Asubuhi wavuvi wanaanika mukene. Mama akachukua mmoja, akanusa, akasema, "Huyu ni ndugu yake na ndagala, ila ndagala wetu ni mtamu zaidi." Mchana alikula sato wa kukaanga aliyepikwa na mtu mwingine, akalala chini ya mti mpaka saa kumi. Sikumbuki kumuona amelala mchana bila kuugua.

Jioni mwenyeji alitusimulia habari za kisiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kandokando ya ziwa hili, na kufikia 1909 serikali ya Waingereza iliwahamisha wakaaji wote wa Ssese. Miaka mingi visiwa vilibaki vitupu, halafu watu wakaruhusiwa kurudi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Na mashamba yao waliyakuta?" Mwenyeji akasema mengi yalikuwa yamekuwa msitu, wakaanza kulima upya. Mama akatikisa kichwa, akaendelea kuangalia maji mpaka giza likaingia.

Kwa wanaotaka kwenda: bebeni kitambulisho cha mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea nchini. Msiogelee ovyo, hasa penye majani, kwa sababu ya kichocho, na ulizeni wenyeji habari za viboko na mamba. Wasio na nauli ya mbali, ziwa letu la Nakivale lipo hapa hapa. Bebeni mkeka na chakula kilichopikwa na watoto, mkae sehemu iliyo wazi, mbali na viboko.

Na kama mzee wenu hajui siku aliyozaliwa, mchagulieni moja. Mama yetu tayari anauliza ya 51 itakuwa lini.