Bukoba si saa 8

 

Baba mdogo, ile picha uliyoitupa kwenye kundi la ukoo nimeiona: Joensuu hadi Bukoba, kilomita 7,100, ndege saa 8 na kitu. Chini yake umeandika, "Huyu kila siku anasema mbali, mbali ndiyo hapa?" Ukoo mzima ukacheka. Mimi nikanuna mpaka jua lilipozama, na Juni huku jua linazama karibu saa tano usiku.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Joensuu, huku mashariki mwa Finland, iko kaskazini mwa Bukoba karibu moja kwa moja. Msimu wa joto hata saa zetu zinalingana. Lakini huo ni mstari ulionyooka, kama anavyoruka kunguru. Unapita Urusi, Belarus na Ukraine, unavuka Uturuki na Misri, unaingia Sudan. Februari 2022 Ukraine ilifunga anga yake kwa ndege za abiria. Siku chache baadaye Urusi ikazifungia ndege za Umoja wa Ulaya. Aprili 2023 vita vikafunga na anga ya Sudan. Hata wenyeji wa huku wameumia: Helsinki hadi Tokyo ilikuwa saa 9 na nusu, ikawa karibu 13 kwa kuizunguka Urusi.

Safari ya abiria ni nyingine kabisa. Joensuu hadi Helsinki, saa moja kwa ndege au zaidi ya nne kwa treni. Helsinki hadi Istanbul, tatu na nusu. Hapo unasinzia kitini ukikumbatia begi. Istanbul hadi Dar, kama saba, na Dar kwenyewe ni kilomita 1,000 kutoka Bukoba: umeshalipita ziwa letu, sasa unalirudia. Ukifika usiku, unalala Dar usubiri ndege ya asubuhi. Hizo ni siku mbili, baba, kama hakuna kilichochelewa.

Kwa hiyo yeyote anayekuja huku au kurudi anisikilize. Kata tiketi moja hadi mwisho wa safari. Ukikata mbili mbili, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili imekula kwako. Uliza mapema uzito wa mizigo kwenye ndege ya ndani. Nyama na maziwa msinifungie, forodha za Ulaya hazipitishi. Samaki mkavu anapita. Na mniruhusu nishukie Entebbe! Najua mnataka nipite Dar nikasalimie, lakini kutoka Entebbe ni basi tu, Masaka, Mutukula, nimefika. Mtanzania haombi viza Uganda. Kinachotakiwa ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo ninayo.

Jambo moja linaniudhi kweli. Mchango wa harusi mnaudai miezi sita kabla, mnakumbusha kila Jumapili, jina la mtu linawekwa hadharani na deni lake. Tarehe mnaitoa wiki mbili kabla! Tiketi ya wiki mbili inaweza kumeza mchango wote na kamati yake. Halafu nisipotokea, mnasema nimekuwa Mzungu. Mzungu gani anayelipia ng'ombe asiyemla?

Mchango wa harusi ya Novemba nimeshatuma. Baba mdogo, wewe ndiye mwenyekiti: ni Novemba tarehe ngapi?