Waliotoka Shambani Walikwenda Wapi?

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nabisha hodi kwenye maboma ya Kakamega, kuanzia Likuyani hadi Khwisero, nikiwa na kishikwambi mkononi na liguru, mzee wa kijiji, pembeni, nikiuliza watu wanakula nini, wanalala wapi, wanafanya kazi gani na wanapata ngapi. Majibu hayo yakijumlishwa na ya kaunti nyingine ndiyo hugeuka asilimia zinazosomwa kwenye taarifa ya habari. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na kuna jambo ambalo ningependa wapangaji wa mipango ya kaunti walisikie. Kuhesabu watu walioacha kilimo tunakuweza. Kuuliza kwa nini waliacha, na wakaishia wapi, bado.

Wanauchumi wanakitegemea sana kipimo hicho cha watu kuhama kilimo. Tangu Arthur Lewis, mzaliwa wa St. Lucia, alipoandika makala yake ya mwaka 1954 kuhusu nchi zenye vibarua wengi, mageuzi ya uchumi yamekuwa yakitazamwa kwa jicho hilo. Watu watoke kwenye vishamba visivyowalipa, waingie viwandani na kwenye kazi zinazozalisha zaidi, nchi inue kichwa. Kwa hiyo unachukua idadi ya walio katika kilimo mwaka huu, unailinganisha na ya miaka 10 iliyopita, na ikiwa imeshuka unasema tumepiga hatua. Hesabu yenyewe haina kasoro. Ila inachukulia kwamba kila aliyelitua jembe ameitwa na kitu bora zaidi, na kwetu wengi hawakuitwa na chochote.

Chukua Mumias. Kiwanda kilianza kusaga miwa mwaka 1973, kikawa kikubwa kuliko viwanda vyote vya sukari nchini, na mwaka 2001 hisa zake zikaanza kuuzwa kwenye soko la Nairobi. Katika maboma ya Mumias na Matungu, karo, mabati na hata mahari vilisubiri pesa za miwa. Kisha madeni yakalundikana, malipo ya wakulima yakachelewa, watu wakang'oa miwa. Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Mwishoni mwa 2021 ikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda, na mitambo ikaanza kunguruma tena mwaka uliofuata. Katikati ya miaka hiyo yote watu walikuwa wanakula. Walikula kutokana na nini?

Baba mmoja wa Matungu, mwenye umri wa kunizaa, aliniomba nimwandike mkulima. Nikamuuliza, kama dodoso linavyotaka, ni kazi gani ya malipo au faida aliyoifanya japo kwa saa moja katika siku 7 zilizopita. Alikuwa ameendesha pikipiki ya mwanawe siku 4, akibeba abiria na magunia. Shambani hakugusa kitu, maana mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa na miwa aliiacha zamani. Kwa kanuni nilizopewa, huyo ni mtu wa usafiri, na usafiri ni sekta ya huduma. Nikajaza hivyo, kwa sababu hivyo ndivyo inavyopaswa kujazwa. Lakini alinieleza bila kuulizwa kwamba pesa za miwa, zilipokuwa zinakuja, zilikuwa nyingi kiasi cha kujengea nyumba aliyonikaribisha ndani yake, na za boda zinatosha unga na mafuta ya pikipiki. Kwenye jedwali la taifa, baba huyo ni mfano wa mageuzi: katoka kilimo, kaingia huduma. Kwenye boma lake ni mtu aliyeshuka. Dodoso nililokuwa nalo siku hiyo halikuwa na mahali pa kuandika hilo.

Hata hilo neno huduma limebeba watu wasiofanana kabisa. Meneja wa benki pale mjini yumo humo, na mama anayeuza ndizi mbivu kwenye steji ya Khayega yumo humo. Ikumbukwe kwamba Kenya ndiko Shirika la Kazi Duniani lilikotuma ujumbe wake na kutoa ile ripoti ya mwaka 1972 iliyoifanya dunia nzima izungumzie sekta isiyo rasmi. Nusu karne baadaye, zaidi ya asilimia 80 ya kazi zinazohesabiwa nje ya kilimo cha wakulima wadogo ziko katika jua kali. Basi anayefurahia kwamba huduma zimepanda, kwanza aangalie ni huduma zipi.

Kwa akina mama mambo ni magumu zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakakubaliana kwamba mwenye ajira ni yule anayefanya kazi kwa malipo au faida. Anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake kazi anayo, lakini hahesabiwi kuwa na ajira. Sababu yao ni nzuri: walitaka kazi ya kulipwa na kazi isiyolipwa zionekane kila moja peke yake. Sasa njoo Shinyalu mwezi wa Mei, umkute mama ameinama kwenye mahindi na maharagwe tangu alfajiri. Naamkia, nangoja anyanyuke, kisha nauliza: Mama, mahindi haya ni ya kuuza au ya kula? Jibu huwa ni ya kula, lakini shule zikifunguliwa tutapima gorogoro kadhaa tupeleke sokoni. Neno moja la jibu hilo likielemea huku, mama ana ajira katika kilimo. Likielemea kule, hana. Nchi ikihamia kwenye kipimo hicho, sehemu ya kilimo katika ajira inaweza kushuka pasipo mtu yeyote kuacha kupalilia.

Na hiyo gorogoro, mkebe wetu wa kupimia nafaka, nayo ina mambo yake. Kuna zilizobonyezwa kitako, kuna zinazojazwa hadi mlima, kuna zinazopanguswa juu kwa kijiti. Ndiyo maana mimi husisitiza mizani iwepo, hata kama jua linazama na mwenye nyumba amechoka nasi. Kilo zikikosewa jikoni, umaskini wa kaunti nzima unakosewa Nairobi.

Takwimu za juu nazo zisomwe kwa utulivu huohuo. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa, kutoka 2001 hadi 2009, na kwa tangazo moja uchumi ukaonekana mkubwa kwa takriban robo, tukaingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Marekebisho yale yalikuwa ya haki, kwa kuwa shughuli nyingi mpya hazikuwa zimeingizwa kwenye hesabu za zamani. Hata hivyo hakuna sufuria ya Navakholo iliyoongezeka unga wiki ile. Tunisia iliwahi kusifiwa na Benki ya Dunia kwa ukuaji wake wa mwaka baada ya mwaka, huku mikoa ya bara ikikosa kazi. Desemba 2010, huko Sidi Bouzid, mchuuzi wa matunda Mohamed Bouazizi akajitia moto, na serikali iliyosifiwa ikaanguka mwezi uliofuata. Wastani wa taifa ulikuwa umesema kweli, ila haukuwa umesema habari za Sidi Bouzid.

Dawa ninayoiamini ni kuzirudia kaya zilezile. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliweka umaskini wa Kakamega karibu sawa na ule wa taifa, takriban asilimia 36. Namba hiyo inaweza kukaa palepale miaka 10 huku nyumba moja ikipanda na jirani yake ikiporomoka, na sisi tusijue. Si jambo geni hapa. Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton iliwafuatilia wakulima walewale kuanzia 1997 hadi 2010, Kakamega ikiwemo, na ndivyo ilivyowezekana kuona nani alitoka wapi akafika wapi. Kaunti yenye watu 1,867,579 kwa sensa ya 2019, ya nne kwa wingi wa watu nchini, haishindwi kugharimia utafiti wa namna hiyo kila baada ya miaka michache. Dodoso lake liulize kazi uliyokuwa nayo kabla ya hii, kilichokutoa, na kama sasa unapata zaidi au pungufu. Maswali hayo hayamalizi hata dakika 5 za mwenye nyumba.

Nawe unayesoma haya, karani akibisha hodi kwako, mpe kiti na umjibu ukweli, pamoja na ule wa kazi unayoona ni ndogo mno kutajwa. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inakataza majibu yako kutolewa kwa jina lako. Taja kuku uliowauza, taja vibarua, taja pesa anazotuma mtoto aliye Nairobi. Na kama uliacha miwa kwa sababu hukulipwa, mwambie hivyo hata kama hakuuliza.