Rangi haikuwa na kosa

Ukuta wa chumba cha mama kule Chome niliuharibu mimi. Miezi mingi nimewaacha ndugu zangu waamini kwamba tuliuziwa rangi mbovu, na leo nausema ukweli.

Ilikuwa Desemba. Wageni wa posa ya mdogo wangu walikuwa wanafika baada ya siku nne, nami nikapanda kutoka Same mjini na galoni mbili za rangi ya mafuta. Ukuta wa nyuma, ule unaoelekea mlimani, ulikuwa na baka la unyevu lililofika kiunoni: lipu imevimba, chumvi nyeupe imetoka kama unga, na karibu na kitanda fangasi weusi. Mzee aliyemjengea baba nyumba ile aliweka kiganja ukutani, akatoka, akazunguka nyuma. Aliporudi akasema, "Mwanangu, udongo wa huko nyuma umeipita sakafu kwa urefu. Fukua kwanza. Ukuta ukauke, ndipo upake."

Nikamjibu, mama akisikia, kwamba anajitafutia kibarua. Neno hilo linaniuma kuliko gharama zote.

Nilikuwa nimezoea Same, ambako mvua ni haba na lipu hukauka upesi. Chome iko kwenye milima ya Shengena, ambayo kilele chake kina mita 2,462, na ukungu wa msituni unaweza kushinda kutwa. Huku tunachonga mlima kupata kiwanja, kisha mvua zinateremsha udongo hadi unaegemea nyumba. Tofali la kuchoma hunywa maji ya udongo huo. Maji hupanda na chumvi yakitafuta pa kutokea. Mimi nikayazibia kwa rangi ya mafuta, ambayo haipitishi mvuke kirahisi. Tena nilifuta ile chumvi kwa kitambaa kilicholowa, wakati ilitakiwa brashi kavu, kwa sababu ikipata maji huyeyuka na kurudi ndani. Siku ya posa ukuta uling'aa.

Mei nilikuta malengelenge makubwa kama viganja, rangi inabanduka kwa mapande. Mama alikuwa anakohoa usiku tangu Machi. Hakuniambia, asije akanivunja moyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unasema wazi kwamba wanaoishi kwenye unyevu na fangasi hupata zaidi kikohozi na pumu. Niliusoma nikiwa nimechelewa.

Nilikwenda kwa yule mzee, nikampigia shikamoo, nikamwomba radhi. Kisha nikamwomba tuje nyumbani niirudie mbele ya mama, maana hapo ndipo nilipomvunjia heshima. Tulishusha udongo chini ya usawa wa sakafu, tukachimba mfereji, tukaupanga mawe, tukafunga gata. Tukabomoa lipu hadi juu ya baka, tukaacha ukuta wazi miezi ya kiangazi. Mzee alibandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zimezibwa. Mara ya kwanza kilitoa matone upande wa ndani. Tulingoja mpaka kikatoka kikavu, ndipo tukapiga lipu mpya, ikakaa wiki nne, tukapaka rangi ya maji.

Ndugu zangu, aliyetuuzia rangi msimlaumu tena. Nanyi mnaopanda milimani Desemba hii na galoni za rangi, zungukeni kwanza nyuma ya nyumba.